Wametuvunjia vichanja vya dagaa na barua hazijibiwi. Tulalamike wapi?

Swali: Shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wanaposhusha samaki, kando ya Ziwa, mkoani Mwanza. Mtendaji wa mtaa ndiye aliyetuonyesha eneo. Tukajenga vichanja vya mbao na nyavu, na ushuru tumekuwa tukilipa kila tunapouza. Siku moja alfajiri mgambo wa halmashauri walikuja na gari, wakavunja vichanja vyote, wakabeba mbao na nyavu. Hatukupewa notisi wala karatasi yoyote. Sasa eneo lile amepewa mtu mwingine. Tumemwandikia mtendaji wa kata na mkurugenzi, kimya. Jirani anasema ipo Tume inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Ni kweli? Wanatoza kiasi gani? Lazima tuwe na wakili? Tukilalamika si ndiyo watatufukuza kabisa? Na ni lazima twende Dodoma?

Jibu: Marahaba, mama, na poleni sana wewe na wenzako. Tume ipo. Inaitwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wengi huiandika kwa kifupi THBUB. Kulalamika ni bure, na wakili si lazima. Asiyejua kuandika anaweza hata kulitoa lalamiko lake kwa mdomo na likaandikwa palepale. Lakini msikimbilie huko kesho asubuhi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mna lalamiko zuri ambalo bado halijavaa nguo, na likifika hivyo litarudishwa nyuma kwa maswali ambayo mngeweza kuyajibu mapema.

Kwanza mjue mnamwendea nani. Tume imewekwa na ibara ya 129 ya Katiba na inafanya kazi kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2001, Sura ya 391. Kabla yake tulikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, miongoni mwa za kwanza kabisa za aina hiyo Afrika. Ile ya zamani ilichunguza, kisha ripoti ikaenda kwa Rais, na mwananchi akabaki kusubiri. Hii ya sasa ikimaliza uchunguzi huiandikia mamlaka iliyokosea mapendekezo, na sheria inaipa mamlaka hiyo muda usiozidi miezi mitatu kueleza imefanya nini. Isipotekeleza, suala linaweza kupelekwa mahakamani.

Zingatia neno mapendekezo. Tume si mahakama, na haitamwamuru mkurugenzi awarudishie mbao kesho. Kazi yake ni kuita watu, kudai nyaraka, kuzikutanisha pande mbili kwa usuluhishi, na kuandika nani alikosea na afanye nini. Huku kwetu kanda ya Ziwa kuna mfano wa Nyamuma, wilayani Serengeti. Mwaka 2001 wakazi waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Lalamiko la watu 135 likafika Tume kwa msaada wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Desemba 2004 Tume ikaona haki zao zimevunjwa na ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa. Shauri likaenda Mahakama Kuu, likapanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilikubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani ili yatekelezwe. Nawaeleza haya mapema ili mtu asije akawaahidi kwamba mkishaandika Tume tu, mambo yamekwisha. Ni mlango wenye nguvu, ila una ngazi.

Sasa tuje kwenye lalamiko lenyewe. Katika maelezo yako kuna mambo manne yamefungwa furushi moja: kuvunjiwa bila notisi, kuchukuliwa mali bila hati, eneo kupewa mtu mwingine, na barua kutojibiwa. Nahisi lile la tatu ndilo linalowachoma zaidi, na ningekuwa mimi lingenichoma pia. Lakini ndilo dhaifu kuliko yote, kwa hiyo msianze nalo.

Nitakwambia kwa nini. Mtendaji wa mtaa kuwaonyesha eneo kwa mdomo hakuwapi ardhi ile. Zaidi ya hapo, mko ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimewahi kukaa upande ule wa meza, katika ofisi ya halmashauri moja, na naweza kuwaandikia jibu la mwanasheria wao kabla hajalala: "Walalamikaji walivamia eneo la hifadhi ya ziwa kinyume cha sheria." Mkienda mkiwa mmeshikilia kwamba eneo ni lenu, mtatumia mwaka mzima mkibishana kuhusu mita.

Mkiyaanza yale mengine, sheria ya mita 60 haiwasaidii sana watu wa halmashauri. Hata kama hamkutakiwa kuwa pale, je, mlipewa notisi ya maandishi? Mlisikilizwa? Mbao na nyavu ziliandikwa wapi, na ziko stoo gani? Sheria ndogo ipi inaruhusu kuchukua mali ya mtu bila hati? Hayo halmashauri itatakiwa kuyajibu kwa karatasi, na kama karatasi hazipo, hazipo. Likija suala la eneo, liulizwe kwa upole: kama ni hifadhi ya ziwa kwetu, kwa nini si hifadhi kwa huyo aliyepewa? Hapo sheria waliyokuja nayo inawageukia wao, na ninyi hamjadai kumiliki hata hatua moja ya ufukwe.

Risiti za ushuru nazo zina kazi yake, ingawa si ile watu wanayodhani. Hazithibitishi kwamba eneo ni lenu. Zinathibitisha kwamba halmashauri ilijua mpo, ilijua mnafanya nini, na ilipokea pesa yenu. Mtu anayetozwa ushuru halafu akaitwa mvamizi anastahili maelezo. Tatizo ni kwamba risiti za mashine ya POS huchapwa kwenye karatasi inayofifia. Ukiiweka kwenye pochi, ikapata joto na jasho, baada ya miezi michache unabaki na kipande cheupe. Leo hiihii zikusanyeni zote, mzipige picha kwa simu, kisha mzitoe fotokopi. Zilizokwisha kufifia zitunzeni hivyo hivyo, na tarehe zinazokumbukwa ziandikwe pembeni kwenye karatasi tofauti, si juu ya risiti.

Halafu barua. Unasema mlimwandikia mtendaji wa kata na mkurugenzi. Swali langu la kwanza, ambalo Tume nayo itauliza: ziligongwa muhuri? Barua iliyokabidhiwa mkononi kwa mtendaji akiwa juu ya pikipiki, au iliyoachwa mezani kwa katibu muhtasi, kwa serikali haipo. Barua inazaliwa masijala, ofisi inayopokea na kutunza barua. Unakwenda na nakala mbili, moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa kupokea wenye tarehe na wewe unaondoka nayo. Wakikwambia muhuri haupo leo, rudi kesho. Wakikataa kabisa, tumeni kwa posta kwa rejista na mtunze stakabadhi. Kama zile za mwanzo hazina muhuri, msihuzunike. Andikeni upya, moja tu, kwa mkurugenzi, ikipitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata, na katika aya ya kwanza mseme kwamba mlishawahi kuandika tarehe fulani bila kujibiwa.

Iandikwe hivi, kwa ufupi. Juu anwani yenu na namba ya simu, tarehe, kisha anwani ya mkurugenzi. Halafu: "Yah: KUVUNJWA KWA VICHANJA NA KUCHUKULIWA KWA MALI BILA NOTISI." Baada ya hapo mambo yenyewe kwa mpangilio wa siku: lini mlianza kuanika pale na nani aliwaonyesha, siku na saa mgambo walipokuja, walikuwa wangapi kwa kukadiria, gari lilikuwa na namba gani kama kuna aliyeiona, walichukua nini. Kisha maombi: tupewe nakala ya notisi iliyotolewa, kama ilikuwepo, tupewe nakala ya sheria ndogo iliyotumika pamoja na namba ya Tangazo la Serikali, tupewe orodha ya mali zilizochukuliwa na mahali zilipo, turudishiwe mali hizo au thamani yake, tuitwe tusikilizwe kuhusu eneo la kuanikia. Sahihi. Imekwisha. Ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu.

Lile ombi la sheria ndogo msiliache. Sheria ndogo ya halmashauri haianzi kutumika kwa kusomwa kwenye kipaza sauti. Inapaswa kuidhinishwa na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na ikitangazwa inakuwa na namba. Ofisa anayejua ana namba hiyo atawapa ndani ya dakika tano. Asiye nayo ataanza kusema "ni maelekezo kutoka juu". Maneno hayo yakiandikwa kwenye barua ya kuwajibu ninyi, ni zawadi kwenu.

Na mnayo sheria ya kuwasukuma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Itajeni kwenye barua kwa sentensi moja bila vitisho. Siku 30 zikipita kimya, mna lalamiko jingine lisilohitaji shahidi: muhuri wa kupokea upo, jibu halipo.

Kuhusu lugha mtaniwia radhi, maana hapa wengi hukasirika nikisema. Msimwite mtu mwizi, mla rushwa wala katili. Inawezekana kabisa kwamba huyo aliyepewa eneo alitoa kitu. Kama mna ushahidi, hiyo ni kazi ya TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure, na mwende huko kwa lalamiko lake pekee. Kama hamna, msiliandike. Tuhuma moja ya rushwa isiyo na ushahidi humpa mlalamikiwa nafasi ya kujibu hiyo tu na kuyaruka mengine yote. Kama anayelalamikiwa ni diwani, kwa mwenendo wake mwenyewe, ipo pia Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Lakini kwa maelezo yako sioni kama mmefika huko.

Kosa jingine ninaloliona kila mara ni nakala. Barua inaandikwa kwa mkurugenzi, chini yake: nakala kwa Rais, Waziri Mkuu, Waziri wa TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, Mbunge, TAKUKURU, Tume, vyombo vya habari. Mwandishi anaona amewabana. Kule masijala kila anayepokea nakala anasoma orodha ile, anajiridhisha kwamba kuna mkubwa zaidi anayeshughulikia, na anaifungia kwenye jalada. Nakala mbili zinatosha: Katibu Tawala wa Wilaya na diwani wenu. Diwani apewe kwa sababu yeye ana kiti kwenye Baraza la Madiwani, linalokutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na anaweza kuuliza pale mbele ya mkurugenzi mwenyewe.

Wengine watawashauri mngoje ziara ya kiongozi mnyanyue mabango. Sikatazi. Nimeona bango likimfanya mkurugenzi atoke jasho jukwaani na kuahidi mbele ya umati. Nimeona pia wiki mbili baadaye watu walewale wakiulizwa "ahadi hiyo iko wapi kwa maandishi?" Kama mtanyanyua bango, kesho yake asubuhi andikeni barua ya nusu ukurasa: "Kufuatia maelekezo ya kiongozi fulani katika mkutano wa tarehe fulani, tunaomba kujulishwa utekelezaji." Na igongwe muhuri.

Siku 30 zikiisha bila jibu, au mkijibiwa jibu la kuzunguka, sasa nendeni Tume. Lalamiko la Tume ni ileile barua yenu ikiongezewa mambo mawili: mlifanya nini kujaribu kulimaliza na halmashauri, na mnataka Tume ipendekeze nini. Hilo la pili watu hulisahau. Wanaandika kurasa nne za uchungu na kumalizia "tunaomba haki itendeke." Andikeni kitu ambacho mtu anaweza kukitekeleza na mwingine akahakiki: mbao kadhaa na nyavu kadhaa zirudishwe au zilipwe kwa thamani hii, maelezo ya maandishi ya sababu za kuvunja, kikundi kishirikishwe katika kupangiwa eneo mbadala la kuanikia. Thamani iwe ya kweli. Tafuteni risiti za duka la mbao, na kama hazipo, ombeni bei za sasa kwa maandishi kutoka maduka mawili. Nyavu zilizokuwa zimechakaa msizipandishe bei ya mpya, kwa sababu wapo watu halmashauri wanaojua bei ya nyavu kuliko mimi na wewe.

Ambatanisheni nakala tu. Barua halisi zenye muhuri, risiti na picha zibaki kwenye faili lenu, kwa mtu mmoja mnayemwamini ambaye nyumba yake haivuji. Mkishapokelewa, ombeni namba ya jalada. Kuanzia hapo kila mkipiga simu au kwenda, mnaanza na namba hiyo. Mtu anayesema "nimekuja kuhusu lile suala la dagaa" hukaa benchi hadi saa nane.

Tume ina mipaka. Haitashughulikia jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kama mmoja wenu alishtakiwa siku ile, tuseme kwa kuwazuia mgambo, waelezeni mapema na mtenganishe suala lake na la kikundi. Na kusubiri Tume hakusimamishi saa ya mahakama. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa halmashauri na kuutengua anatakiwa kuomba kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipofanyika. Anayetaka kuishtaki halmashauri kwa madai ya fidia anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi. Ndiyo maana nasema msikae na hili hadi msimu upite. Hesabu tarehe ile ya alfajiri, kisha mwone msaidizi wa kisheria. Wapo katika wilaya nyingi, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure. Mwulizeni jambo moja tu: je, tuna sababu ya kwenda mahakamani sambamba, au Tume inatosha? Kwa mali ya kiasi mnachokieleza, maoni yangu ni kwamba Tume inatosha, na usuluhishi ndio utakaowafaa zaidi, kwa sababu bado mtahitaji kuanika dagaa katika mkoa huohuo, chini ya maofisa walewale.

Na hapo ndipo penye woga wenu. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayenuna. Ila fikirini: hawa wameshawajua, na wameshawavunjia. Lalamiko lenye namba ya jalada huwa linamfanya ofisa afikirie mara mbili kabla ya kufanya la pili, maana sasa kila hatua yake itaulizwa. Jilindeni kwa kulalamika kama kikundi. Fanyeni mkutano, andikeni muhtasari, kila mmoja atie sahihi au dole gumba, mchague wawili wa kufuatilia. Asiende mmoja peke yake ofisini, hata akiitwa kwa simu kwa sauti ya upole. Akiitwa, waende wawili, na wakirudi waandike nani alisema nini. Kama kuna mlinzi au mvuvi aliyeona tukio na anaogopa, msiliweke jina lake kwenye barua ya halmashauri. Mtajeni kwa Tume pekee, na mwombe kwa maandishi jina lake lihifadhiwe. Na tafadhali msirudi usiku kujenga vichanja vipya palepale. Najua dagaa hawangoji, na wakianikwa mchangani bei inaanguka. Ombeni kwa maandishi eneo la muda kupitia uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo wenu. Hata mkinyimwa, ombi hilo litaonyesha kwamba ninyi ndio mliotafuta njia halali.

Kwa walioniandikia kutoka ng'ambo ya Ziwa: Kisumu malalamiko ya namna hii hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman, na Uganda kwa Inspekta Jenerali wa Serikali (IGG). Sheria zao ni nyingine, kwa hiyo tarehe na vifungu nilivyotaja hapa msivihamishe.

Na la Dodoma, mama: hapana. Makao makuu ndiyo yako huko, lakini Tume ina tawi Mwanza mjini. Nendeni wale wawili mliowachagua, asubuhi, na faili, muhtasari wa kikundi na vitambulisho vyenu. Nauli ya daladala inatosha.